Wikiendi ndani ya gari-nyumba Uskoti, na mbwa aitwaye Jirani

HUENDA nawe umewahi kujiuliza, msomaji, kwa nini Mzungu mwenye nyumba nzuri ya mawe aiache siku ya Ijumaa, aingie ndani ya gari lisilozidi matatu ya abiria 14, apike humo, alale humo, na mbwa wake alale humo humo. Mimi nilijiuliza miaka mingi. Kisha Mei iliyopita nikajikuta ndani ya gari la aina hiyo, na aliyelikodisha hakuwa Mzungu. Alikuwa dadangu mkubwa, muuguzi mjini Glasgow, na mbwa alikuwa wake.

Mama, aliye Machakos, alikuwa amenituma kazi mbili. Ya kwanza ni kupeleka unga wa wimbi na majani ya chai. Ya pili, aliyoisema kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu jikoni, ni kuangalia kama dadangu "ana mtu" kule ugenini, na kama hana, nimshawishi arudi nyumbani.

Basi mtu niliyemkuta alikuwa na miguu minne, manyoya meusi na kifua cheupe. Jina lake Jirani. Alikuwa na kitanda chake, blanketi lake na daktari wake. Nami nimelelewa, kama wewe pengine, nikijua kwamba mbwa ni askari wa usiku, kazi yake ni lango na mshahara wake ni ukoko wa ugali.

Gari lenyewe lina maarifa. Kiti cha nyuma hukunjuliwa kikawa kitanda. Chini ya dirisha kuna jiko la gesi la mafiga mawili, sinki ya kuoshea vikombe, na friji ambayo kuku mzima haingii. Choo ni ndoo ya plastiki yenye dawa, na ole wake ambaye zamu ya kuimwaga imemwangukia. Ukiwa na leseni halali ya Kenya unaruhusiwa kuendesha gari dogo kule kwa miezi 12 tangu uingie, na kwa bahati nzuri wao nao hupita kushoto. Mbwa naye sharti afungwe mkanda au awekwe nyuma ya wavu, asije akamrukia dereva.

Tulitoka Glasgow Ijumaa jioni kwa barabara ya A82, na baada ya muda mfupi tukawa kando ya Loch Lomond, ziwa linaloongoza kwa eneo katika kisiwa kizima cha Uingereza. Usitishike na sifa hizo. Naivasha yetu ni kubwa kuliko hilo. Lakini Naivasha haina jua linalokataa kutua. Saa tatu na nusu usiku nilikuwa bado nasoma gazeti nje bila taa.

Hapa nikuonye jambo. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 humpa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu karibu popote, hata katika shamba la mwenyewe mwenye hati, mradi asiharibu kitu. Sisi tuliozoea seng'enge na "mbwa mkali" twaona kama ndoto. Lakini haki hiyo ni ya miguu, si ya magari. Huwezi kuegesha gari lako popote na kulala. Tena katika sehemu fulani za ukingo wa Loch Lomond, kuanzia Machi hadi Septemba, kupiga kambi kwahitaji kibali. Sisi tulilipa kwenye kambi rasmi, tukapata maji na umeme, na usingizi usio na wasiwasi.

Jumamosi tulipanda kuelekea Rannoch Moor, nyika ya vinamasi isiyo na mti wala duka, kisha tukateremka Glencoe. Milima pale hukujia pande zote mbili, nyeusi, na maji yakimiminika kama mikwaruzo ya chaki. Ni bonde zuri lenye habari mbaya. Mwaka 1692 wanajeshi wa serikali walipokelewa na ukoo wa MacDonald, wakala na kulala nao kwa karibu wiki mbili, kisha alfajiri ya Februari 13 wakawageukia wenyeji wao na kuua watu wapatao 38. Kosa la MacDonald lilikuwa kwamba mkuu wao alichelewa kula kiapo cha utii kwa mfalme. Kiongozi wa wanajeshi hao alikuwa wa ukoo wa Campbell, na hadi leo hoteli moja bondeni humo ina kibao cha kuwakataza akina Campbell kuingia. Ni mzaha, walituambia. Lakini kibao kipo.

Tulifika mpaka Fort William kuutazama Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Nilimwambia dadangu kwamba mtu aliyeketi kwenye nyasi za Uhuru Park yuko juu kuliko kilele kile. Alicheka hadi akaegemea gari. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu aondoke nyumbani.

Usiku huo tulilala kambi iliyopakana na malisho ya kondoo. Na sasa nifike kwenye kosa langu.

Kuna mdudu kule aitwaye usubi, mdogo kuliko punje ya pilipili manga, ambaye hufika kwa maelfu alfajiri na jioni pasipo upepo. Saa kumi na moja alfajiri, kukiwa kumekucha kabisa, niliona gari limejaa joto, nikafungua mlango nipate hewa. Hewa sikuipata. Usubi walinijia usoni, nikawa najipiga makofi, na katika makofi hayo Jirani akapita katikati ya miguu yangu bila kamba.

Sikushtuka. Kwetu mbwa akitoka atarudi akisikia njaa. Dadangu ndiye aliyeshtuka. Aliruka kitandani na nguo ya kulalia, akakimbia pekupeku kwenye umande akiita jina lile. Ni mwezi wa wanakondoo, alinipigia kelele, hujui! Kweli sikujua. Kondoo jike akifukuzwa huweza kutupa mimba au kupotezana na mtoto wake. Sheria iliyopitishwa 2021 yaruhusu mwenye mbwa msumbufu kutozwa faini ya hadi pauni 40,000, zaidi ya shilingi milioni sita, au kufungwa mwaka mmoja. Na mkulima aweza kumpiga risasi mbwa huyo akiwa hana njia nyingine ya kuwaokoa kondoo wake.

Tulitafuta karibu saa nzima. Dadangu hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Tulipoketi kwenye jiwe apumue, alianza kusema bila kuulizwa. Majira yake ya kwanza ya baridi kule, alisema, jua lilitua saa kumi kasoro jioni. Alikwenda kazini gizani akarudi gizani. Miezi saba alipanda ngazi za jengo lile na hakuna mlango uliofunguka kumwuliza hali. Siku aliyoleta mbwa, bibi wa orofa ya chini alimsimamisha amwulize jina lake, na hakulijua bado. Akajibu la kwanza lililomjia. Sasa anawajua watu wa jengo zima, na yule bibi humpelekea supu.

Tukasikia mngurumo. Mzee mmoja alikuwa akishuka kilima juu ya pikipiki ya magurudumu manne, na mbele yake, ameshikwa kwapani kama furushi, alikuwa Jirani. Alimkuta amelala kwenye ua wa waya, akiwatazama kondoo na kutetemeka. "Ana hofu kuliko wao," alisema mzee. Kisha akanitazama usoni palipovimba, akaniambia nifunge mlango siku nyingine, akaondoka. Dadangu alimkagua Jirani kupe, kwa kuwa kule huleta maradhi kwa mbwa na kwa mtu pia, halafu akaketi sakafuni naye muda mrefu.

Tulirudi Glasgow jioni. Saa nzima ilikwenda kwa kufagia manyoya, maana mwenye gari alishika amana yetu. Mama alipiga simu tukiwa bado na ufagio mkononi.

"Umemwona? Ana mtu?"

Nikamtazama dadangu, naye alikuwa akinitazama. Jirani alikuwa amelalia koti langu.

"Tutazungumza nikifika, Mama," nikasema. "Lakini unga umependwa."