Bora Katulia?

Tulikuwa na miezi sita ya ndoa kaka yangu alipohamia kwetu Malinyi. Alikuwa ametoka kuugua vibaya: anasikia sauti, halali, usiku kucha anazunguka barabarani. Dawa zikamtuliza. Tukashukuru Mungu, tukaona kazi imekwisha.

Kumbe! Mwaka haukuisha, suruali zote zikawa hazimfungi. Wali sahani inafurika, chai vijiko vitano vya sukari, sigara ndiyo usiseme. Mama akija anasema, "Mwacheni ale, bora katulia."

Mimi nikajifanya askari. Nikaficha sukari, nikamtupia sigara zake. Siku moja natandika kitanda chake, nakuta vidonge vya wiki nzima chini ya godoro. "Vinaninenepesha, mdogo wangu," akasema taratibu. "Halafu wewe unanisema mbele ya shemeji."

Jamani, nililia.

Mume wangu ndiye aliyenifumbua macho. "Yule ni mtu mzima. Umewahi kumuuliza anataka nini?"

Tukaenda naye kliniki. Daktari hakumfokea. Alieleza kwamba dawa kama olanzapini huongeza njaa na uzito, lakini kuziacha ghafla ni kuukaribisha ugonjwa. Moshi wa sigara nao hupunguza dawa hiyo mwilini, kwa hiyo anayeacha kuvuta amwambie daktari, dozi iangaliwe upya. Kisha likaja lililonishtua: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi kwa maradhi ya mwili yanayozuilika, kama ya moyo. Na sisi tulikuwa tunasema bora katulia!

Kaka alichagua mwenyewe: baiskeli. Bonde la Kilombero ni tambarare, unakanyaga tu. Alfajiri anatoka na shemeji yake kupita mashamba ya mpunga, wanarudi wamelowa jasho, wanataniana. Sukari tulipunguza sote, hata mimi mwenye mdomo. Wali umebaki nusu sahani, nusu nyingine matembele na perege.

Sigara bado zinamsumbua, sitakudanganya. Ila vidonge anameza mbele ya meza, bila kusukumwa.

Mpenzi msomaji, kama kwenu yupo mgonjwa "aliyetulia", usimchunge kama mbuzi. Muulize anataka nini, kisha fanyeni pamoja.