Kibao Kinawaka, Nyumba Iko Giza

Ndugu msomaji, kuja tutembee mu Lubumbashi saa ya jua kuingia. Tutoke ku Posta, twende mupaka Kamalondo na Kenya. Inua macho: vibao vya simu, vya bia, vya banki, na vya kanisa pia. Umeme ukikatwa, vingi vinazimika pamoja na nyumba zetu. Lakini kibao chenye pano ya jua kinabaki kuwaka peke yake.

Si ajabu? Inchi yetu ni ya umeme. Mwadingusha, ku mto Lufira, ilianza mu 1930. Nzilo mu 1952 na Nseke mu 1956, ku Lualaba. Tangu 1982 waya kubwa ya Inga inafika Kolwezi, karibu kilometa 1700, kusudi ilishe migodi. Mitaa ilibaki nyuma, na delestaji tunaijua wote.

Sasa ona namna kibao kile kinafanya kazi. Mchana pano inapokea jua na kujaza batri. Giza likiingia, kifaa kidogo kinalisikia na kuwasha taa. Taa za LED za wati 40, zikiwaka masaa 5, zinakula wati-saa 200 tu. Pano ya wati 100, siku ya jua zuri, inaweza kuleta karibu mara mbili ya ile. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 inaweka wati-saa 1200. Kama ni ya risasi, usiitumie kupita nusu. Nusu hiyo inatosha kibao kwa usiku tatu za mawingu.

Wewe kijana unayetaka kazi hii, shika mambo mawili. Sisi tuko kusini ya ikweta: elekeza pano kaskazini, uiinamishe kidogo, mvua iioshe. Tena kipwa inaleta mavumbi mekundu. Pangusa pano asubuhi na kitambaa cha maji, mbele jua halijakuwa kali.

Lakini ulizo kwenu wazazi na vijana ni hili: tuwashe nini kwanza? Mtu akikosa kuona kibao cha bia usiku, hapati hasara. Mama mwenye uchungu, anayetafuta materniti mu giza ya Katuba ao ya Ruashi, yeye anaweza kupoteza mtoto njiani. Wati 40 zile zile zingemwonyesha mlango. Na nguvu inayobaki ingewasha taa moja mu chumba cha kuzalia.

Shaba ya waya na kobalti ya batri nyingi za dunia zinatoka mu udongo huu. Basi, Matayo 5:15 inatufundisha pahali pa kuweka taa. Kikundi chenu cha parokia kikichanga pesa ya kuwasha kibao cha kanisa, simameni kidogo. Hesabuni kwanza hatua kutoka kanisa mupaka materniti ya mtaa, mwende kuuliza kule wanazalisha na mwanga gani.