Mfereji Kabla ya Ukuta

Askari anapostaafu, jambo analolitazamia kuliko yote ni nyumba yake mwenyewe. Kwa miaka mingi amelala kambini, leo kaskazini, kesho mpakani, na mkewe na watoto wamehama pamoja naye wakibeba masufuria na magodoro. Kwa hiyo kiinua mgongo kikishafika mkononi, fikira zake zote huwa juu ya matofali, saruji na mabati. Ni wachache wanaofikiri juu ya udongo. Udongo huonekana kuwa kitu cha kuondolewa njiani ili kazi ianze. Kisa cha sajini mmoja mstaafu wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, chaonyesha jinsi fikira hiyo inavyoweza kumgharimu mtu fedha na ujirani.

Sajini huyo alirithi kiwanja cha mita 15 kwa 30 kwenye mteremko wa kilima. Hapo mama yake alikuwa akilima viazi, maharagwe na mtama mpaka alipofariki. Katikati ya kiwanja palipita tuta la zamani, na ukingo wake ulikuwa umeota matete. Matuta ya namna hiyo ni mengi katika nchi ile. Katika miaka ya 1940 wakulima wa Kigezi, kama eneo hilo lilivyoitwa wakati huo, walihimizwa na pengine kulazimishwa na serikali ya kikoloni kuyachimba kwa kukata mteremko, ili maji ya mvua yasimame na udongo usishuke bondeni. Wazee waliyachimba kwa manung'uniko, lakini watoto wao waliyatunza kwa kuwa waliiona faida yake.

Sajini alianza kazi mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa kavu. Vibarua walifyeka majani yote kutoka mpaka hadi mpaka. Waling'oa matete, wakalivunja tuta, wakaukata mteremko wa nyuma wima kama ukuta, na udongo wote uliochimbwa wakaurundika kwenye ukingo wa chini. Kiwanja kikawa safi na tambarare, chekundu toka pembe hadi pembe. Kila aliyepita alimpongeza. Siku chache baadaye mwezi wa Septemba ukaingia, nao ndio mwanzo wa mvua za vuli upande ule.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku. Chini ya kiwanja kile anakaa mjane wa askari polisi pamoja na wajukuu wake wawili. Jiko lake, lililojengwa kwa miti na udongo, liko karibu na mpaka. Kwa sababu ya baridi ya Kabale watoto wale huwa wanalala jikoni, karibu na moto. Usiku huo, kwa bahati, bibi yao alikuwa amewaita walale nyumba kubwa. Kulipokucha, jiko lilikuwa limejaa tope kufikia magoti. Mafiga hayakuonekana. Gunia la maharagwe ya mbegu lilikuwa limezama, na ukuta wa upande wa juu umeinama kwa ndani.

Sajini alishuka asubuhi hiyo akiwa na sepetu begani. Mjane alimpokea kwa heshima, kama desturi ilivyo.

"Karibu, afande," alisema. "Udongo wako umefika kabla yako."

Sajini aliomba radhi, akasema kwamba mvua ilikuwa kali kupita kiasi. Mjane akatikisa kichwa.

"Marehemu mama yako alilima hapo juu miaka yote niliyokaa hapa, na mvua zilikuwa zikinyesha. Nenda ukatazame ulichokiondoa."

Neno hilo lilimchoma kuliko matusi. Mwaka 2010 sajini huyo alikuwa miongoni mwa askari waliopelekwa Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako tarehe 1 Machi mlima uliporomoka baada ya mvua kubwa ukazifukia nyumba pamoja na watu wake. Aliwachimbua wafu wa watu wengine kwa majembe na kwa mikono. Ni kweli kwamba maporomoko ya mlima mzima na tope la kiwanja kimoja si mambo ya kulinganishwa kwa ukubwa. Lakini alipokuwa akilichota tope lile jikoni, mahali wanapolala watoto, hakuweza kujizuia kukumbuka.

Yafaa ieleweke jambo lililotokea. Tone la mvua likianguka juu ya jani, nguvu yake hupungua, nalo huingia ardhini polepole. Likianguka juu ya udongo mtupu, huupiga na kuzivunja chembe zake. Chembe hizo huziba vitundu vya ardhi, na maji yanayokosa pa kuingia huanza kukimbia. Kadiri mteremko unavyokuwa mrefu ndivyo maji yanavyozidi mbio, na maji yenye mbio hubeba mzigo. Mvua ya milimita 30 juu ya kiwanja cha mita 15 kwa 30 ni lita 13,500, yaani zaidi ya mapipa 67 ya lita 200. Tuta la mama yake sajini lilikuwa likiuvunja mwendo huo katikati, na matete yalikuwa yakiuchuja udongo. Vyote viwili viling'olewa kwa siku moja, na juu ya hayo rundo la udongo laini likawekwa ukingoni, tayari kuchukuliwa.

Sajini alisimamisha kazi ya msingi. Kwanza alilijenga upya jiko la mjane, akalipa na mbegu. Kisha akarudi juu na kuanza kazi aliyopaswa kuianza mwezi wa Agosti.

Juu ya kiwanja alichimba mfereji wa kinga, ili maji ya mlimani yasiingie kabisa mahali pa ujenzi. Ili kuupata mwinuko ulio sawa alitumia chombo cha wazee: miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia toka kileleni. Uzi ukipita katikati ya mti wa kulala, miguu miwili imesimama usawa mmoja. Mfereji aliupa mteremko mdogo sana, na kila hatua chache akaweka mawe ndani yake ili kupunguza mbio za maji. Hakuyaelekeza maji kwa jirani mwingine; alikwenda pamoja na mwenyekiti wa kijiji, wakakubaliana yatoke kwenye mfereji wa barabara, mahali penye mawe.

Rundo la udongo alilihamisha mbali na ukingo. Udongo mweusi wa juu, wenye rutuba, aliutenga peke yake kwa ajili ya bustani, na marundo yote akayafunika kwa turubai na majani ya migomba. Kwenye mpaka wa chini alisimamisha vigingi na kuvifunga magunia yaliyopasuliwa, miguu ya magunia ikifukiwa ardhini, ili maji yapite na tope libaki. Ukuta wa udongo wa nyuma aliulaza, usisimame wima tena. Sehemu ya kiwanja ambayo isingejengwa mwaka huo aliirudishia majani.

Kazi hiyo ilichukua majuma matatu. Ndugu zake walimcheka wakisema kwamba mwenzao anajenga mifereji badala ya nyumba. Mvua iliyofuata ilikuta magunia yamefukiwa kijuujuu upande mmoja, na tope kidogo likapita chini yake. Sajini alikuwa nje kwenye mvua hiyo na taa mkononi, akaona mahali penyewe, na asubuhi akapachimba zaidi. Tangu hapo alijiwekea desturi ya kuvikagua vizuizi vyake baada ya kila mvua na kuliondoa tope lililokusanyika, kwa maana kizuizi kilichojaa hakizuii tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sajini alikuwa amekwisha kujenga ukuta mmoja, nao ni wa jiko la mwenzake.

Somo hili haliwahusu wenye viwanja vya milimani peke yao. Katika nyumba za kambi na za polisi, mara nyingi ukuta huonekana umefuliwa chini, na msingi umeachwa wazi kama mizizi ya mti. Bati la mita 10 kwa 8, katika mvua ile ile ya milimita 30, humwaga lita 2,400, na maji hayo hupiga mstari mmoja wa ardhi chini ya ukingo wa paa. Hapo familia yaweza kupanga mawe au kokoto kuufuata mstari huo, kuchimba mfereji mdogo wa kuyaondoa maji, na kupanda pasipalamu mahali palipo wazi. Ni kazi ya siku moja ya mapumziko, na watoto huifanya kwa furaha.

Kwa anayejenga, kanuni zinazopatikana katika kisa hiki ni chache. Asifyeke zaidi ya sehemu atakayoijenga. Asianze kuchimba wakati mvua zinakaribia. Achimbe mfereji kabla ya msingi. Aache majani kwenye mpaka wa chini. Na kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa, ashuke akamsalimu anayekaa chini yake, amweleze kazi anayotaka kuifanya.

Nyumba ya sajini ilipoezekwa, pengo la tuta lilikuwa bado wazi, kwa kuwa matete yaliyong'olewa yalikuwa yamechomwa moto. Siku moja mjane alipanda kilima na wajukuu wake, kila mmoja na mzigo wa vipande vya matete alivyovikata kwenye tuta lake mwenyewe. Hakusema mengi. Alimwonyesha sajini namna ya kuvilaza shimoni, macho mawili chini ya udongo na moja juu, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Wakavipanda pamoja hadi jioni.