Vitamini Hii Si ya Kugawana



Katika nyumba zetu neno "vitamini" halimtishi mtu. Mtoto akikataa chakula tunamnunulia vitamini. Mama mjamzito akiona kizunguzungu, jirani anamwambia atafute vitamini. Na bibi akirudi kliniki na mfuko wenye dawa saba, watu wa nyumbani huwa waangalifu sana na dawa ya presha na ya sukari, lakini ile iliyoandikwa vitamini D wanaiona ni nyongeza tu, ikimezwa sawa, isipomezwa sawa.

Mimi ni muuguzi, na Jumamosi huwa natembelea wagonjwa majumbani pamoja na akina mama wa usharika wetu. Nataka tuzungumze juu ya vitamini D wanayoandikiwa wagonjwa wa figo, kwa sababu mara nyingi anayeigawa si mgonjwa mwenyewe. Ni mke, binti au mkwe, yaani sisi.

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, Mungu ameweka vitezi vinne, kila kimoja kinakaribia ukubwa wa punje ya mchele. Huitwa parathairoidi. Kazi yake ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu, maana moyo, misuli na mishipa ya fahamu huitegemea. Kalsiamu ikipungua, vitezi hivi hutoa homoni inayoiamuru mifupa itoe akiba yake.

Sasa figo zinaingiaje hapa? Fikiria mahindi. Yakivunwa huwezi kusonga ugali; ni lazima yakobolewe, kisha yasagwe. Vitamini D tunayoipata kwenye jua na chakula ni mahindi ya shambani. Ini hukoboa, figo husaga, na unga unaopatikana ndio unaowezesha matumbo kunyonya kalsiamu. Kwamba ni figo zinazofanya kazi hiyo ya mwisho kulijulikana mwaka 1970, kutokana na utafiti wa Fraser na Kodicek huko Cambridge, Uingereza. Figo zikiharibika, unga unapungua. Tena fosforasi, ambayo figo nzima huitoa kwa mkojo, hubaki mwilini. Vitezi vya shingoni vinaona kalsiamu haitoshi, vinafanya kazi usiku na mchana, vinavimba, na mifupa inazidi kunyonywa. Ndiyo maana mgonjwa wa figo wa muda mrefu hulalamika mifupa inauma na ngozi inamwasha, na mifupa yake huvunjika kwa urahisi. Kumwambia aote jua la asubuhi si vibaya, lakini jua peke yake halimpi unga.

Ndipo daktari, akishaona vipimo, anaweza kumwandikia kalsitrioli, ambayo ni unga tayari, au alfakalsidoli, ambayo kazi ya figo imeshafanywa na imebaki ya ini tu. Wengine hupewa parikalsitoli. Si kila mwenye ugonjwa wa figo anayeihitaji, na miongozo ya wataalamu ya mwaka 2017 iliwataka madaktari wasiitoe kwa mazoea kwa wagonjwa ambao hawajaanza kusafishwa damu. Sababu ni nguvu yake. Mara nyingi kidonge kimoja kina robo ya mikrogramu, na gramu moja ni mikrogramu milioni moja! Kitu kinachofanya kazi kwa kiasi kidogo namna hiyo hakihitaji kuzidishwa sana ili kidhuru.

Niliona jambo hili kwa macho yangu katika nyumba ya mama mmoja mzee, mwimbaji wa kwaya kwa miaka mingi, ambaye figo zake ziliharibiwa na presha na sukari, akawa anasafishwa damu kwa mashine. Alikuwa amepewa pakiti ya vidonge thelathini, ameze kimoja mara tatu kwa wiki, siku zile za mashine. Yeye haoni vizuri, hivyo maelezo yalipokewa na kijana aliyemsindikiza, yakafika nyumbani yakiwa na neno moja tu: "tatu". Na sisi wote tumezoea ile moja mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Mkwe wake, binti mwenye bidii na upendo, akampa hivyo hivyo bila kukosa hata mara moja. Vidonge vya wiki kumi vilikwisha kwa siku kumi. Akaenda duka la dawa akanunua pakiti nyingine. Juu ya hayo, mtoto mmoja aliye nje ya nchi alikuwa ametuma kopo la vidonge vya kalsiamu "vya kumjenga mama mifupa", navyo vikaongezwa.

Tulipofika nilimwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia upesi kama kawaida yake. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Walisema hali chakula siku nne, anatapika, choo kimefunga, midomo mikavu na anaomba maji kila mara, jambo gumu kwa mgonjwa aliyepimiwa maji ya kunywa. Jirani mmoja alisema ni malaria imepanda kichwani, mwingine akasema ni uzee. Tulikuwa tumekuja kuomba, nasi tuliomba, lakini kabla ya hapo niliomba mfuko wa dawa.

"Dada, hiyo si ni vitamini tu?" mkwe aliniuliza nilipoishika ile pakiti.

"Ndiyo, mdogo wangu, lakini hii ni ya hospitali," nikamjibu. Sikutaka kumtia hofu, maana mikono yake ilishaanza kutetemeka.

Jioni ile alipelekwa hospitali. Kalsiamu katika damu ilikuwa juu sana. Dawa zikasimamishwa, akasafishwa damu, na baada ya siku kadhaa akaanza kututambua. Baadaye daktari alimrudishia ile dawa kwa kipimo kidogo na vipimo vya karibu karibu. Ninamshukuru Mungu kwamba moyo wake ulihimili, kwa maana kalsiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, na ikikaa juu kwa muda mrefu huganda katika mishipa ya damu na hata katika ngozi.

Dalili zile nilizozitaja, yaani kukosa hamu ya chakula, kutapika, kufunga choo, kiu, uchovu mkubwa na kuchanganyikiwa, zikimpata anayetumia dawa hii usingoje tarehe ya kliniki. Piga simu kitengo cha figo au mpeleke siku hiyo hiyo, pamoja na mfuko wote wa dawa, hata zile za dukani. Ganzi kuzunguka midomo na kukakamaa vidole huweza kuashiria kinyume chake, kalsiamu kushuka, nako kunahitaji daktari. Usiongeze wala kupunguza kwa kukisia. Akisahau dozi, asimeze mbili kwa pamoja.

Vipimo vya damu ndivyo vinavyolifanya jambo hili kuwa salama. Kalsiamu na fosforasi hupimwa mara kwa mara hasa mwanzoni, na ile homoni ya vitezi kila baada ya miezi kadhaa. Najua vinagharimu. Hata hivyo, kumeza dawa hii miezi na miezi bila kupima ni kama kuongeza chumvi kwenye mchuzi usiouonja, na mimi ningemwambia daktari wazi kwamba fedha ya kipimo haipo kuliko kunyamaza.

Kuna vitu vya kawaida kabisa vinavyogombana nayo. Vidonge vya magnesiamu tunavyotafuna kwa kiungulia, mgonjwa wa figo asipewe bila kuuliza, kwani magnesiamu nayo hubaki mwilini. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini D ndani yake. Anayetumia digoksini ya moyo, au dawa za kukojoza za aina ya thaiazaidi, daktari ajue. Wengine wameandikiwa kalsiamu wale pamoja na chakula. Hiyo ni ya kunasa fosforasi tumboni, basi ikimezwa bila chakula kazi hiyo haifanyi. Na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa mengi na soda nyeusi huongeza fosforasi, kwa hiyo zungumzeni na mtaalamu wa lishe kabla ya kujaza sahani kwa huruma.

Wala usimpe jirani mwenye magoti mabaya kidonge kimoja "ajaribu".

Yule mkwe sasa amebandika kalenda ya kanisa ukutani jikoni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa amezizungushia wino mwekundu, na mama akishameza anaweka alama. Lile kopo la kalsiamu alikwenda nalo kliniki kumwonyesha daktari, na hakurudi nalo.