Kinu cha zamani ndani ya mashini ya ngazi

Wamama wapendwa wa Kasongo na Kabambare, wengi wenu mnatuuliza njiani kwa nini mashini yetu ya kukanda ngazi hailii tena. Mlizoea kuisikia toka mbali, kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni. Tuliahidi kuandika jibu hapa, maana kuna vikundi vya upande wa Luama vinavyotaka kujitengenezea mashini kama hiyo, na hatupendi wapoteze msimu mzima kama sisi.

Kwa wasioijua: ni pipa la lita mia mbili lililosimamishwa, na katikati yake chuma kirefu chenye mapanga mafupi. Juu ya chuma kuna mti wa kusukuma, watu wawili wanauzungusha wakitembea. Ngazi zilizochemka usiku kucha zinatiwa zikingali moto, zinakandwa, kisha zinakwenda kukamuliwa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kinu na mchi, na migongo yetu inaikumbuka vizuri.

Kile chuma kinashikwa fasi mbili tu. Chini, ncha yake imeketi ndani ya kikombe. Juu, kinapita katika tundu. Fundi wetu alifanya kikombe cha chuma na tundu la chuma, tena chuma cha namna moja na ile nguzo. Hapo ndipo tulipokosea, yeye na sisi, kwa sababu tuliangalia pipa, tukaangalia mapanga, tukasifu rangi. Hakuna aliyeuliza habari ya pale vitu viwili vinaposuguana. Chuma kikisuguana na chuma ndugu yake vinang'ang'aniana na kukwanguana. Mashini ikaanza kulia. Tukaitia grisi kama tunavyotia kinga, ikanyamaza, tukafurahi.

Juma la tatu mwenzetu mmoja alipika maharagwe kwa mafuta yale. Mjukuu wake akaonja, akasukuma sahani: "Nyanya, hii inanuka pikipiki." Tulimwaga bidoni moja polepole hadi chini. Tulikuta tope jeusi, na ndani yake vumbi la chuma linalong'aa. Grisi ya tundu la juu ilikuwa inayeyuka kwa joto na kudondoka juu ya ngazi. Kikombe cha chini, ambacho kimo ndani ya ngazi zenyewe, kilikuwa kinatoa unga wa chuma kila mzunguko.

Tulikuwa na bidoni sita zinazongoja wachuuzi wa kwenda Salamabila. Hatutaficha: baadhi yetu tulisema tuchanganye na mafuta safi, tuuze, wanunuzi wa kule hawatujui. Minervali ya sekondari ilikuwa inadaiwa. Tulibishana mpaka jua likazama. Kisha mmoja akauliza nani kati yetu atayapikia watoto wake usiku ule. Hakuna mkono ulioinuka. Mafuta yale tuliyapika sabuni ya kufulia, na watoto wawili wa wanachama wetu walirudishwa nyumbani mwezi ule kwa kukosa ada. Mama zao walikuwa miongoni mwa waliokataa kuuza.

Ndipo tukaanza kutafuta kitu cha kuweka pale kwenye msuguano. Kwanza beringi za pikipiki, vile viduara vyenye gololi ndani. Zinazunguka vizuri sana, lakini nyuzi za ngazi zinaingia, na bila grisi hazidumu. Tungerudi palepale. Fundi akasema basi tuagize shaba kutoka Bukavu. Bei yake peke yake ingetutoa pumzi, lakini kuna jambo lingine ambalo kila anayeuza mafuta anapaswa kulijua: shaba inaharakisha mafuta kuchacha. Kitu kinachogusa chakula saa zote kisiwe shaba.

Mtoto wa mwenzetu anayesoma Bukavu alipokuja likizo alitupa habari ya ajabu. Alisema huko Marekani, katika mji wa San Francisco, miaka ya 1960, kulikuwa na mtawa jina lake John Dobson aliyetengeneza darubini kubwa za kutazamia nyota kwa mbao na vitu vya kuokota. Darubini za namna yake zinakaa juu ya sanduku la mbao, na sanduku linazunguka juu ya vipande vitatu vidogo vya Teflon, ile inayopakwa ndani ya vikaango ili yai lisigande. Uzuri wake ni kwamba unaisukuma kwa kidole, inakwenda taratibu bila kurukaruka, ukiacha inabaki pale ulipoiacha. Tulicheka kidogo, nyota na ngazi wapi na wapi, lakini shida ilikuwa ileile: nini kiguse nini.

Teflon hatuna. Tulikata vipande vya bidoni ya manjano tukaviweka. Mashini ikiwa baridi iliteleza kama samaki. Tulipotia ngazi za moto, kabla ya jioni plastiki ililainika, ikajikunja, na punje za manjano tukaziona katika mafuta. Tukatoa. Kipande cha tairi nacho tulikijaribu. Kinashika, hakitelezi, ndiyo kazi yake barabarani.

Mama mzee kuliko wote katika kikundi alikuwa amenyamaza siku zote hizo. Alikwenda nyumbani akarudi na mwanamume amebeba kinu kilichopasuka. Kilikuwa cha mama mkwe wake, kimetwanga ngazi miaka asiyoweza kuihesabu, na sasa kuku walikuwa wanalalia mayai humo. Akasema mti huu umekwisha kukauka, umekwisha kunywa mafuta, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba chakula chake kinanuka. Kukikata ilikuwa vigumu, hata yeye aligeuka asiangalie msumeno.

Tulitumia kitako cha kinu, pale palipo pazito, tukapata magogo matatu ya kiasi cha ngumi mbili. Tuliyachemsha katika mawese kwa moto mdogo. Povu linatoka, ni maji yaliyobaki ndani ya mti yanakimbia. Povu likiisha, ondoa moto, lakini mti uache humo humo mpaka upoe, maana ni wakati wa kupoa ndipo unapovuta mafuta ndani. La kwanza tuliliopoa likiwa moto, likapasuka. Watoto wakae mbali na sufuria ile, na tone la maji lisiingie.

Baada ya kupoa, seremala alitoboa kwa keekee, tundu likate nyuzi za mti, lisizifuate, na liwe pana kidogo kuliko chuma. Gogo la chini hakulitoboa mpaka mwisho, alilichimba tu kama bakuli dogo. Ncha ya chuma tuliifanya mviringo kwa tupa, kisha msasa, mpaka ikateleza kwenye kucha. Sehemu hii msiifanyie haraka. Chuma chenye makovu kinakula mti kwa siku chache. Kikiwa laini, mti ndio unaoisha polepole, na mti ni rahisi kubadilisha kuliko nguzo.

Yule kijana alipopata habari alitujibu kwamba hata meli za mvuke za Uingereza, tangu miaka ya 1850, zilizungusha chuma cha rafadha ndani ya mti mgumu wa nchi za Karibi wenye mafuta ndani yake. Mama mzee alisikia, akasema hao nao walikuwa na mama wakwe.

Gogo la chini tumelibadilisha mara moja tu tangu hapo. Mawese yanatoka mekundu, na wekundu huo ndio mwili wa mtoto unaougeuza kuwa vitamini A, kwa hiyo hatutaki kitu chochote kije kuuharibu. Wachuuzi wa Salamabila tuliwaambia wazi kilichotokea. Wawili hawajarudi kwetu, wengine wanaonja kwanza, nasi tunawaachia waonje.

Wa Luama, njooni siku tunayokanda. Msitukatie mti mbichi njiani. Ulizeni kwanza nyumbani kwenu nani ana kinu kilichopasuka.