Kamera ya milioni 4, halafu haivuti!

Kuna vitu duniani ambavyo kadiri vinavyopunguziwa kazi ndivyo bei yake inavyopaa. Suruali iliyochanika magotini inauzwa ghali kuliko nzima. Mkate wenye makapi unauzwa ghali kuliko mweupe. Sasa zamu imefika kwa kamera. Ipo kamera moja ndogo, inaingia kwenye mfuko wa koti, lenzi yake haibadilishwi wala haivuti. Mtu akiwa mbali nawe atabaki huko huko mbali, labda umfuate kwa miguu yako mwenyewe. Na bei yake, shikilia kofia, ni ya ng'ombe kadhaa. Halafu watu wanaipangia foleni!

Inaitwa Fujifilm X100VI. Hiyo VI mwishoni siyo pambo, ni 6 ya Kirumi, kwa maana ni ya sita katika ukoo ulioanza na X100 ya mwaka 2011. Ilitangazwa Februari 2024 kwa dola 1,599 za Marekani, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilikaribia shilingi milioni 4 za madafu, kabla hujaongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Wenyewe walitoa na toleo maalumu la kamera 1,934 tu duniani kote, kwa sababu kampuni ilianzishwa mwaka 1934. Mambo ya wakubwa hayo.

Utauliza, mambo hayo yananihusu nini mimi mtu wa Ikinga, huku milimani Ileje? Yananihusu sana. Ndugu yetu mmoja anayeishi ng'ambo alikuja likizo na kamera hiyo, na alipokwenda Mbeya kwa shughuli zake akaniachia kwa siku 9. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi, kipaimara na mahafali, alipoiona tu akadata. Tangu siku hiyo halali. Anataka auze kamera yake kubwa ya mtumba na lenzi zake mbili, halafu mama yake amwongezee fedha za kahawa anunue hiyo ndogo. Na fedha hizo za kahawa ndizo zinazomsubiri binti wa mwisho, anayetakiwa kuripoti chuo cha uuguzi. Dada yangu akaniita, akasema, "Kaka, wewe unaandika magazetini, unajua mambo. Chunguza hiki kidude, kisha uniambie."

Basi nikachunguza.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Kamera isiyovuta siyo ugeni kwetu. Wale wapiga picha waliokuwa wakizunguka na baiskeli vijijini, begani wametundika Yashica ya plastiki, walikuwa na lenzi ya namna gani? Hiyo hiyo isiyovuta! Mkanda mmoja picha 36, kisha unasubiri wiki mbili picha zisafishwe mjini. Mikanda ya Kodak ilikuwa katika boksi la njano, ya Fuji katika boksi la kijani. Kodak aliomba ulinzi wa kufilisika mahakamani Januari 2012. Fuji alinusurika kwa kugeukia mambo mengine, vifaa vya hospitali na hata vipodozi vya akina mama. Kwa hiyo hii X100VI ni mjukuu wa yule mwenye boksi la kijani, na ndani yake wameweka rangi 20 za kuchagua, nyingine zikiwa na majina ya mikanda ya zamani kama Provia na Velvia.

Sasa uzuri wake. Uongo dhambi, picha zake ni bab kubwa. Ina megapikseli 40, maana yake unaweza kuchapisha picha yenye upana wa kama sentimita 65 kwa 43 na bado ukahesabu kope za bibi harusi. Lenzi moja ya kudumu ina faida yake, kwa sababu fundi ameitengeneza kwa ajili ya kamera hiyo hiyo tu, hivyo imekuwa ndogo na bado inapokea mwanga mwingi. Mikono ikitetemeka, kuna mtambo ndani unaoituliza picha. Nilipiga jikoni saa 1 usiku, mwanga ni wa moto wa kuni na kitaa kimoja cha sola, na sura zikatoka. Simu yangu mahali pale pale ilitoa kitu kama uji wa ulezi.

Jambo la pili ni ukungu. Asubuhi huku kwetu ukungu ukishuka hata jirani humwoni. Kipima mwanga cha kamera yoyote kikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, kinapunguza, na mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukungu anakuwa kivuli chenye meno. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa mkono, na X100VI ina gurudumu la kazi hiyo pale juu, chini ya kidole gumba. Huingii kwenye menyu, huulizi mtu. Tena ina flashi yake ndani, na shata ya lenzi yake inaelewana na flashi hata juani, kwa hiyo saa 7 mchana, jua likiwa utosini na macho ya watu yamekuwa mashimo, unaijaza sura mwanga bila matatizo. Kwa ngozi zetu na jua letu, hilo siyo jambo dogo.

Jambo la tatu ni adabu, na hapa ndipo nilipoipenda. Lenzi inayovuta ni kama mtu anayesikilizia dirishani. Anamvuta mama wa watu kutoka ng'ambo ya barabara, mwenyewe hana habari. Hii isiyovuta haikupi nafasi hiyo. Ukitaka sura ya mzee, lazima umsogelee, na ukimsogelea mzee wa Ikinga bila shikamoo utakiona. Basi unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani, unakalishwa, na ukija kuinua kamera mzee hajakunja uso. Siku 9 zile nilisalimia watu kuliko mgombea udiwani.

Haya, sasa tugeuze shilingi upande wa pili. Betri moja ni kama picha 310 ukichungulia kwa kioo cha umeme, na kama 450 ukichungulia kwa kioo cha kawaida. Harusi yenye send-off, kanisa na ukumbi inataka betri tatu, na siku umeme ukikatika utamkoma. Inahimili mvua, ndiyo, lakini mpaka ununue pete na kichujio cha milimita 49 vya kuifunga puani, navyo havimo kwenye boksi. Na huku kwetu mvua haiombi ruhusa.

Kubwa zaidi ni kazi yenyewe. Siku ya kipaimara wapiga picha wanakaa nyuma ya nguzo, mchungaji hataki mtu amzunguke madhabahuni. Mwenye lenzi ya kuvuta anampata mtoto anapowekewa mkono kichwani. Mwenye X100VI anapata paa la kanisa na migongo ya wazazi. Ipo njia ya kukata katikati ya picha ili ionekane karibu, lakini huko ni kukata nguo, siyo kuongeza kitambaa. Mteja aliyelipa hataki kusikia falsafa ya lenzi. Anataka mwanawe.

Na wala usidhani kuna nafuu kwa wenzake. Ricoh GR III ya mwaka 2019 ni nyepesi, gramu 257, lakini haina flashi wala kitundu cha kuchungulia. Leica Q3 ya mwaka 2023 ilitoka kwa dola 5,995. Hiyo hata usiiseme kwa sauti karibu na ng'ombe, watasusa majani.

Kwa hesabu hizo jibu langu lilikuwa tayari: mpwa asinunue. Lakini siku ya saba likatokea jambo.

Dada yangu hapigwi picha. Ana sababu. Shemeji alifariki mwaka 2012. Ukutani kwake ipo picha yake moja ya mkanda, ya mwaka 1994, amevaa koti na amesimama kando ya baiskeli, haijapauka hata leo. Picha za miaka yake ya mwisho zilikuwa kwenye simu, nayo simu ikapotea stendi ya Tunduma katika msongamano wa abiria. Humo ndimo ilimokuwa picha ya shemeji amempakata binti yake wa mwisho. Haikuwepo nyingine. Binti huyo anayekwenda kusomea uuguzi hana hata picha moja iliyomweka yeye na baba yake mahali pamoja. Tangu hapo mtu akimwinulia dada simu anageuza uso. "Picha za simu ni moshi," anasema. Mwanawe ni mpiga picha wa kulipwa, na mama yake hajawahi kumpata!

Basi siku ile dada alitoka na ungo, akaiona ile kamera ndogo ya rangi ya fedha mikononi mwa mwanawe. Umbo lake, kwa makusudi ya waliotengeneza, ni la kamera za zamani. Akasimama. "Hiyo si kama ile aliyompigia baba yenu yule mtu wa baiskeli?" Mpwa wangu, mjanja yule, hakubisha. Akasema, "Ndiyo, mama, ni ya namna ile ile. Kaa hapo na mdogo wangu." Dada akaweka ungo chini, akakaa, binti akamwegemea. Mpwa akasogea hatua mbili, maana hana njia nyingine, akapiga mara tatu. Dada akasema neno moja tu: "Niitaka ya karatasi."

Jioni mpwa akanifuata. "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia marahaba. "Mjomba, ile kubwa nimemwinulia mama miaka minane anakimbia. Hii amekaa mwenyewe. Hilo nalo umeliweka kwenye hesabu zako?"

Nimeliweka, mwanangu, na ninakupa haki yako. Kamera ndogo haitishi watu, na wapo ambao hawatapigwa na kitu kingine. Lakini sikiliza vizuri alichosema mama yako. Hakusema anataka megapikseli 40. Alisema karatasi. Ile ya mwaka 1994 haikupona kwa ubora wa Yashica, ilipona kwa sababu ilisafishwa, ikawekwa kwenye fremu, ikapigiliwa msumari.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa dada niliutoa mbele ya wote, nao ni huu. X100VI ni kamera safi, na mwenye milioni 4 zisizo na kazi aichukue, hatajuta. Kwa anayeishi kwa kazi ya harusi na kipaimara, iwe kamera ya pili, kamwe isiwe ya kwanza. Kamera kubwa isiuzwe. Fedha za kahawa ziende chuoni. Mpwa atafute printa ndogo ya picha za ukubwa wa postikadi, awe anamwachia mteja picha mkononi siku hiyo hiyo, na faida yake aiweke kidogo kidogo. Kamera za namna hii zitazidi kutoka, na za mtumba zitashuka hadi kwetu kama zilivyoshuka nyingine.

Mpwa alinuna siku mbili. Siku ya tatu tukaongozana hadi Tunduma na memori kadi, tukachapisha ile picha nakala mbili. Moja ipo ukutani, chini ya ile ya shemeji. Ya pili ipo ndani ya sanduku la chuma, katikati ya sare mpya za uuguzi.

Na wewe msomaji, kabla hujaulizia bei ya kamera, fungua hiyo simu yako, chagua picha tatu za watu wako, zikasafishwe wiki hii. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.