Kijiti, na binti wa mtaani kwetu

Jumapili, 2 Julai 2023

Tangu alasiri nausikiliza Kijiti, ule alioimba Bi Kidude baada ya kuurithi kwa Siti binti Saad. Kisa nakijua tangu utotoni: mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, mja mzito, anatolewa usiku kwenda ngomani, anauawa. Kijiti anakimbilia bara. Kizimbani wanabaki wanawake wawili waliofuatana na marehemu, na hao ndio wanaokwenda jela.

Leo ndiyo kwanza nagundua kuwa Siti halii humo. Anataja nani alifuatana na nani, anataja pombe, anamtaja jaji na miwani yake. Wimbo wangu wa yule binti wa kazi, aliyefukuzwa na mshahara wa miezi mitano hajalipwa, una neno "dhuluma" katika kila ubeti.

Jumatano, 5 Julai

Nimempelekea Maalim wangu wa taarabu beti zangu. Ameweka udi pembeni, akasoma mara mbili.

"Mwanangu, siku aliyofukuzwa alitoka na nini mkononi?"

"Sijui, Maalim."

"Basi kamuulize."

Nimeumia, kwa kuwa kasema kweli. Usiku nimefungua Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Mtoto wa Fumba, aliyezaliwa mnamo 1880, jina alilopewa ni Mtumwa. Wazee wake wafinyanzi, naye akitembeza vyungu mjini. Mwuza vyungu hubisha kila mlango, na mlangoni husikia mengi. Naamini alipohamia mtaa wa Ng'ambo mjini mwaka 1911 masikio yake yalikwisha kusomea kazi ya kuimba visa vya watu. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti akaimba Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakasikia kesi zao, majirani zao, wafu wao. Mwaka 1928 yeye na wenzake, Subeti, Buda, Maalim Shaaban na Mbaruku, walikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV. Hivyo kisa cha uchochoroni kikavuka bahari na kurudi kikizunguka kwenye gramafoni. Waliomcheka kwa sura yake na ufinyanzi wa kwao aliwajibu kwa wimbo, tena kwa upole unaochoma kuliko tusi.

Jumamosi, 8 Julai

Siku kama ya leo mwaka 1950 Siti alifariki. Nimepanda daladala hadi Fumba. Majumba mapya yanainuka kila upande. Wakati wa kurudi nimekaa dirishani nikiitazama njia, nikimfikiria anaitembea yote, mzigo wa udongo kichwani. Nimemsomea Fatiha.

Jumatatu, 10 Julai

Nimemkuta binti kwa shangazi yake, anachambua mchele. Nimemuuliza swali la Maalim. Alitoka na ndoo ya plastiki, ndani mna kanga mbili na picha ya mdogo wake. Sahani ya bati aliyopewa na mama yake aliisahau jikoni. Alirudi kuiomba, hakufunguliwa. Mshahara aliutaja mara moja tu. Sahani aliirudia mara tatu, na mara ya tatu alinionesha kwa kidole, kwenye ungo, ukubwa wake.

Nimemwomba ruhusa ya kuiimba. Akafikiri, akasema niimbe, ila jina lake nisilitaje.

Beti sita zote nimezifuta. Ubeti mpya una mlango wa nyuma, alfajiri, ndoo ya buluu na mkono unaobisha. Kesho naupeleka kwa Maalim.